Wosia kwa Walimu Wanaoanza Kazi

Wanangu mnaotoka vyuoni mwaka huu,

Nimestaafu, chaki nimewaachia ninyi, na kabla sijarudi kijijini nataka niwausie jambo moja kuhusu watoto wenye usonji. Nawausia nyote, aliyesomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi na aliyesomea Hisabati akiamini kwamba watoto hao ni kazi ya mwingine. Utawakuta darasani kwako hata kama hukupangiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 hivi alikuwa na usonji. Pigeni hesabu wenyewe: shule yenye wanafunzi 800 ingetarajiwa kuwa na watoto kama sita. Ukiripoti kituoni ukaambiwa "hapa hatuna," basi ama wamefungiwa nyumbani, ama wamo madarasani na wamekwisha kupewa majina: mtukutu, kiziwi, mwenye majini.

Jambo lenyewe ni hili: mtoto mwenye usonji asijulikane na mwalimu mmoja peke yake.

Nimeona mafunzo yanavyokwenda. Barua inafika shuleni, anateuliwa mwalimu mmoja, anahudhuria semina ya siku chache, anarudi na cheti na kabrasha. Kabrasha linaingia kabatini. Tangu siku hiyo yeye ndiye "mwalimu wa wale watoto", na wenzake wote wanapumua. Akiugua, wale watoto wanashinda chini ya mwembe. Akipata uhamisho, wanaanza upya na mgeni asiyejua lolote, nao ni watoto ambao utulivu wao wote unategemea leo kufanana na jana. Namkumbuka mvulana aliyekwisha kuzoea kukaa darasani, kula na wenzake na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu wake alihamishwa katikati ya muhula. Hazikupita siku nyingi mtoto akarudi kwenye mayowe na kujipiga kichwa, na mama yake akaambiwa akae naye nyumbani. Uhamisho ulikuwa wa halali kabisa. Kilichomwangusha yule mtoto ni kwamba yote aliyojulikana nayo yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alipanda basi akaenda zake.

Vyuo tunavyo. Patandi imetoa walimu wengi, na wenzetu wa Kenya wana taasisi yao ya elimu maalumu, KISE, tangu mwaka 1986. Hata hivyo mhitimu mmoja, awe hodari namna gani, hawezi kuwa darasani, jikoni na getini kwa wakati mmoja. Tena jikoni ndiko ninakotaka mtazame kwanza.

Saa nne, watoto wamepanga foleni ya uji. Msichana mmoja anafika mbele ya sufuria, hanyooshi kikombe, anamwambia mpishi: "Unataka uji?" Mpishi anaona anakejeliwa, anamsukuma pembeni. Mtoto anarudia, kwa sauti ileile, kwa lafudhi ya mama yake hasa: "Unataka uji?" Baadaye analia, anajitupa chini, na mwalimu wa zamu anakuja na fimbo. Sasa sikilizeni. Watoto wengi wenye usonji hujifunza maneno kwa kuyabeba mazima kama walivyoyasikia. Kila asubuhi mama yake humuuliza "Unataka uji?", kisha uji unakuja. Kwake yeye hayo ndiyo maneno yanayoleta uji. Alikuwa anaomba, na kwa adabu. Mwalimu wake wa darasa alilijua hilo vizuri. Mpishi hakuwahi kuambiwa na mtu.

Na mlinzi naye aambiwe. Watoto hawa wengine hutoroka ghafla, na wengi wao huvutwa na maji. Kama kuna kisima, mto au bwawa karibu na shule, mlinzi anapaswa kumjua mtoto huyo kwa sura na kwa jina, ajue pia kwamba akiitwa huenda asigeuke. Mgonga kengele ajue kwamba mlio wa ile rimu ya gari unaweza kumuumiza mtoto masikio kwelikweli, hivyo amwashirie mwalimu mapema, mtoto atolewe pembeni au azibwe masikio kwanza.

Kuhusu kazi ya darasani nitasema kidogo, maana mengi mmefundishwa. Tengenezeni kadi za picha. Kata boksi gumu, chora mstarini, kuandika, uji, choo, michezo, nyumbani; zipange ubaoni kwa mfuatano wa siku. Shughuli ikiisha, mtoto mwenyewe abandue kadi yake aitumbukize koponi. Akiona kadi zilizobaki anajua kinachofuata, na hofu inapungua. Eric Schopler na wenzake wa mpango wa TEACCH kule North Carolina, Marekani, walianza kuieneza njia ya namna hii tangu mwaka 1972, na haidai umeme wala fedha. Msisubiri vifaa kutoka wilayani.

Msimlazimishe kuwatazama machoni. Vitabu vya Ulaya hutaja kukwepa macho kuwa dalili, lakini kwetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa huhesabiwa ana heshima, kwa hiyo dalili hiyo peke yake itawapoteza. Angalieni zaidi kama anaitika jina lake, kama anawaonyesha wenzake kitu kilichomfurahisha. Na fimbo iwekeni mbali naye kabisa. Haimfundishi chochote ila kuwaogopa.

Mama yake mheshimuni. Atakuja amechoka, amekwisha kuambiwa na mashemeji kwamba amelaaniwa. Msidhani ni ushamba wetu tu: mwaka 1967 Bruno Bettelheim, mtu aliyesikilizwa sana Marekani, aliandika kitabu kizima akiwatwisha wazazi lawama, hasa akina mama, na waliumia wengi kabla dai hilo halijatupwa. Huyo mama ndiye mkufunzi wenu wa kwanza. Muulizeni mtoto anaombaje maji, anaogopa nini, nini humtuliza, chakula gani hakigusi. Yeye anajua.

Akishawaambia, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili chepesi ambacho mpishi atakisoma bila kuuliza. Nakala moja kwa mkuu wa shule, nyingine kwa mwalimu wa zamu, nyingine jikoni, nyingine getini, na moja abaki nayo mama. Mtoto akibadilika, andikeni upya. Akipanda darasa, ukurasa upande naye. Nikiulizwa kipimo cha mwalimu wa elimu maalumu, sitazami cheti chake. Nitauliza mtoto aliendeleaje mwaka mmoja baada ya mwalimu huyo kuhama.

Basi wanangu, mkifika vituoni, ombeni nusu saa katika kikao cha kwanza cha walimu, na mwombeni mkuu wa shule awaite mpishi na mlinzi nao waketi humo. Mkinyimwa mara ya kwanza, ombeni tena kikao kinachofuata.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu.