Mpira Alioumeza Mama

Basi liliondoka Bukoba alfajiri. Mama alikaa dirishani, ndoo ndogo yenye mfuniko katikati ya miguu yake. Wiki mbili nyuma alitapika damu nyeusi kama masimbi ya kahawa, na daktari wetu akashuku kichocho cha tumbo. Mama ameoga na kufua ziwani tangu utoto. Mayai ya minyoo hutia makovu kwenye ini, damu ikakosa pa kupita, ikarudi kujaa kwenye mishipa ya umio hadi ikavimba. Ili mishipa ionekane na kufungwa kabla haijapasuka tena, ilibidi ameze mpira wenye kamera. Mama mdogo, aliyeolewa Kampala, alisema tumlete kwake.

Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wowote. Mutukula tuligongewa mihuri tukapanda tena. Lukaya wachuuzi walikimbilia madirisha na mishikaki ya kuku na ndizi gonja za kuchoma. Mama alinunua gonja moja, akainusa, akanipa mimi. Pale Kayabwe nilimwonyesha duara la Ikweta kando ya barabara, akatikisa kichwa tu. Kuanzia Busega magari yalisongamana, bodaboda zikapenya kila upande, na mimi nikashikilia ile ndoo mpaka tuliposhuka.

Kesho yake tukapanda kilima kwenda hospitali. Mama alikuwa wa nne kwenye foleni, hajala wala kunywa tangu usiku. Mgonjwa wa kwanza akaingia, akatoka. Wa pili vivyo hivyo. Kisha muuguzi akatoka na kutangaza kwa Kiganda, halafu akanigeukia kwa Kiswahili safi cha mtu wa Arua: maji yamekatika, wengine warudi kesho.

Watu walinung'unika. Mzee mmoja alikuwa ametoka Gulu. Nami nilipandwa na hasira, nikasema, "Sista, tumetoka Tanzania. Mama ana njaa, na anaweza kutapika damu usiku wa leo. Mna madumu ya maji pale, yatumieni."

"Hayo ni ya kunawa mikono, dada. Hayatoshi kuosha mpira."

Nikamwambia mimi pia ni muuguzi, wa zahanati. Vyombo vyetu vya kuzalishia tunavitia kwenye mvuke wa nyuzi 121, mambo yakaisha. Akaniangalia, akafungua mlango wa chumba cha nyuma. "Huu ukiutia kwenye mvuke umeuua. Njoo uone."

Mpira ulikuwa mweusi, mrefu kunishinda kimo. Ndani yake mna vijia vyembamba vya hewa na maji, na kimoja cha kunyonya, ambacho pia hupitisha vifaa vya kukata nyama na kufungia mishipa. Kuna lenzi na gundi, vitu visivyostahimili joto kali. Kwa hiyo husafishwa kwa mikono na dawa. Ukitoka tu mdomoni mwa mgonjwa hufutwa na kunyonyeshwa sabuni, kabla damu na ute havijakauka. Hujazwa hewa na kuzamishwa majini kutafuta mapovu, kama fundi wa pancha anavyokagua tyubu, maana tundu dogo huficha uchafu na kuharibu kifaa. Huoshwa kwa sabuni ya vimeng'enya, na brashi ndefu hupitishwa kwenye kijia mara kadhaa mpaka itoke safi. Husuuzwa. Hulazwa kwenye glutaraldehaidi, dawa kali yenye harufu ya kuchoma pua, kwa dakika zilizoandikwa, bila kupunguza hata moja. Husuuzwa tena kwa maji mengi, maana dawa ikibaki huchubua utumbo. Mwisho hupulizwa hewa na spiriti, ukaning'inizwa wima ukauke. Ukikunjwa ukiwa mbichi na kuwekwa kwenye sanduku, kufikia asubuhi bakteria wamezaana.

"Hapo pa brashi ndipo watu hukosea," alisema. "Wanaruka, wanasema dawa itaua." Dawa haiui kilichojificha chini ya uchafu. Nilielewa mara moja, kwa sababu mawe ya ziwa letu yana utando unaoteleza ambao mawimbi hayauondoi, lazima usugue. Bakteria hujijengea utando kama huo ndani ya vijia, na nje mpira unang'aa.

Usiku, kwa mama mdogo, sikulala. Nilisoma kwenye simu habari za Los Angeles mwaka 2015: katika hospitali ya chuo kikuu cha UCLA, wagonjwa 7 waliambukizwa bakteria sugu kupitia mipira ya kuchunguza njia za nyongo, 2 wakafariki, na wengine zaidi ya 170 wakaitwa kupimwa. Mipira ile ilikuwa imeoshwa kama mtengenezaji alivyoelekeza. Ncha yake ina kijiko kidogo kinachoinuka, na nyuma yake brashi haikufika. Mwaka 2019 wadhibiti wa Marekani wakahimiza hospitali zihamie kwenye mipira yenye ncha ya kutumia mara moja na kutupa. Kwetu bei yake ni ndoto, na mpira mmoja unahudumia mikoa. Ndiyo maana kila anayeumeza, na kila anayemsindikiza, ana haki ya kuuliza umeoshwaje, na hastahili kukaripiwa kwa swali hilo.

Nilifika asubuhi kabla ya foleni. Maji yalikuwa yamerudi. Muuguzi aliuosha upya mpira uliolala kabatini, akaniacha nisimame mlangoni. Brashi ilitoka safi mara ya tatu, lakini akaipitisha ya nne.

Mama aliniuliza kwa Kihaya kama mpira ni msafi. Nikamwambia nimeuona. Akapuliziwa ganzi kooni, akang'ata kile kipande cha plastiki, akalala kwa ubavu wa kushoto. Walikuta mishipa mitatu imevimba, wakaifunga kwa vipete.

Alipoletwa nje, yule mzee wa Gulu alikuwa akiinuka. Mama alinivuta mkono, sauti yake imekauka kabisa. "Na huyo je," alisema, "wameshauosha?"