Chaji Inayo, Inawaka

Kuvunjika nakuelewa. Simu ikiponyoka mkononi ikaangukia sakafuni, ikilowa mvua ya masika, ikichomolewa mfukoni ndani ya daladala ya jioni, huzuni yake inapata mahali pa kukaa. Kuna saa ya tukio, kuna pa kunyooshea kidole, hata kama kidole kinamgeukia mwenye simu.

Ipo hasara nyingine isiyo na tukio. Simu imelala usiku kucha kwenye stuli kando ya kitanda, haikuguswa na mtu, na asubuhi inaamka nzima: kioo hakina mkwaruzo mpya, spika inalia, betri imejaa. Ila mlango mmoja uliofunguka jana leo haufunguki. Ukiubonyeza unaletewa maneno machache ya adabu: toleo hili limepitwa na wakati, tafadhali sasisha. Unakwenda kusasisha, unakutana na maneno mengine, nayo yana adabu vilevile: kifaa chako hakioani na toleo hili. Ya kwanza yanakutuma kwa ya pili. Ya pili hayakutumi popote.

Kimetokea nini hapo? Hakuna kiungo kinachouma, hakuna waya uliokatika. Kilichobadilika kiko mbali, ndani ya mashine ambazo mwenye simu hatazitia machoni maishani mwake, na kimebadilika bila simu yenyewe kusogea. Inawezekanaje kuachwa nyuma na wewe hujaondoka ulipokuwa?

Mwaka 2011 simu ndogo ya Huawei iitwayo IDEOS iliingia madukani Kenya kwa bei ya karibu shilingi 8,000 za huko. Kioo chake kilikuwa cha inchi 2.8, eneo ambalo kidole gumba kimoja kinalizunguka lote bila kujinyoosha, na ndani yake mlikuwa na Android 2.2. Kwa vijana wengi wa Nairobi, Kisumu na Mombasa ndiyo iliyokuwa simu janja ya kwanza kununuliwa kwa jasho lao wenyewe. Nani kati yao, akiichana karatasi ya boksi, aliwaza kwamba ameshika kitu chenye mwisho uliokwisha kuanza safari? Februari 2016 WhatsApp ikatangaza mifumo itakayoiacha, na Android 2.2 ilikuwamo. Kati ya boksi na tangazo ilipita miaka mitano tu.

Tangazo lile lilikuwa na takwimu ambazo nazirudia kichwani hadi leo. WhatsApp ilipoanza mwaka 2009, asilimia 70 hivi ya simu janja zilizouzwa duniani zilitumia mifumo ya BlackBerry na Nokia. Kufikia 2016, asilimia 99.5 ya zilizouzwa zilikuwa na mifumo ya Google, Apple na Microsoft. Wa kwanza walikuwa wamekwisha kuwa wa kuagwa. Na Microsoft, aliyehesabiwa upande wa waliobaki siku ile? Simu zake nazo ziliachwa ulipofika mwisho wa 2019. Orodha ya walio salama iliandikwa kwa wino uleule ulioandika orodha ya wanaoondoka, na aliyeisoma asingeweza kuitambua tofauti.

Kisha zikafuata tarehe nyingine: Android 2.3.7 mwezi Februari 2020, Android 4.0.4 mwezi Novemba 2021, halafu Oktoba 2023 kila iliyo chini ya Android 5.0. Ukizisoma kwa mfululizo unasikia mwendo wa kitu kisicho na hasira wala pupa.

Sababu zipo, na sizibezi. Mfumo wa simu usiopokea tena marekebisho hubaki na matundu, na mwizi wa kisasa anayajua yote. Programu mpya hudai kumbukumbu kubwa na prosesa ambazo simu ya zamani haikupewa. Kila toleo la kale linaloendelea kuhudumiwa linahitaji mtu wa kulijaribu, wa kulitengenezea kiraka, wa kukesha nalo. Haya yote ni kweli, nami nikiyasikiliza natikisa kichwa kukubali. Lakini kukubali sababu kunaondoa nini kifuani? Tunajua sababu za vifo vingi. Bado tunakwenda mazikoni.

Watanzania tunaikumbuka Juni 16, 2016, siku mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia. Wiki kadhaa kabla ya hapo watu walikuwa wakibonyeza *#06# na kusoma tarakimu zilizotokea, wengine kwa kicheko, wengine kwa wasiwasi uliojificha ndani ya kicheko. Ilikuwa hasara, lakini ilikuwa hasara ya wote kwa siku moja, iliyotangazwa redioni, ikazungumzwa vibarazani. Hii ninayoiwaza haina siku ya kukutana. Kila mtu huikuta peke yake, chumbani, na wa kuambiwa hana.

Fundi simu anaijua. Ukimpelekea, anaigeuza mara moja, anaangalia mfumo, anaangalia toleo. Anaweza kujaribu kuiflashi, kuipandishia mfumo wa juu kidogo kama upo. Mara nyingi haupo. Anakurudishia kwa mikono miwili na kusema haina tatizo. Nimewahi kuisikia kauli hiyo ikinitua mabegani. Kama haina tatizo, basi niendako ni wapi?

Jambo lililonishughulisha kuliko yote nilikuja kulijua baadaye. Kila simu inapotaka kuzungumza na tovuti kwa siri, huomba kwanza uthibitisho kwamba iliyo upande wa pili ndiyo kweli inayojitaja. Uthibitisho huo una mashahidi wake, na orodha ya wale ambao simu inawaamini imo ndani yake tangu kiwandani. Simu isiyosasishwa haijulishwi mashahidi wapya. Inabaki na wale wa ujanani mwake.

Mmoja wa hao aliitwa DST Root CA X3, na muda wake uliisha Septemba 30, 2021. Tovuti nyingi mno zilimtegemea kupitia Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti hivyo bure. Taasisi hiyo ilikuwa na shahidi wake mwenyewe, mpya, ila Android zote za kabla ya toleo la 7.1.1 hazikumjua. Wahandisi wakashika jambo moja dogo: Android hizo, zinapomtazama shahidi wa mwisho kabisa, hazikagui kama muda wake umekwisha. Basi kabla hajaondoka, yule mzee alimtilia saini yule mpya, saini iliyokwenda mbali kuliko umri wake mwenyewe. Kwa miaka mitatu, hadi Septemba 2024, simu kongwe ziliendelea kufunguliwa milango kwa neno la shahidi ambaye hakuwapo tena.

Hapo nasimama kila mara. Nani kati yetu hajafunguliwa mlango kwa neno la marehemu? Mtu anafika nyumba asiyoijua, anataja jina la babu yake, anaambiwa karibu ndani. Halafu siku inafika ambapo aliye mlangoni naye hakumjua babu. Jina ni lilelile, sauti ya anayelitaja ni ileile. Neno limepungukiwa nini?

Na kitochi je? Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250, na ukikutana nayo leo mahali palipo na mtandao wa zamani, ukaitia laini na chaji, inapiga simu. Tochi yake inamulika. Haijui kilichotokea duniani tangu wakati ule, na kutojua hakujaidhuru. Simu janja iliyokuja miaka minane baada yake, iliyoahidi makubwa zaidi, imetangulia. Nadhani ni kwa sababu kitochi kilikuwa na vitu vyake ndani yake, hata kama ni vichache. Simu janja iliishi kwa kuitikiwa. Kila ilichotuonyesha kilitoka kwingine, na kwingine kukinyamaza, kioo kinabaki kuwa kioo. Je, kilichokuwa chetu humo kilikuwa kipi?

Bibi yangu aliishi nje kidogo ya mji wa Tanga, karibu na minazi aliyoipanda mwenyewe. Herufi hazikuwa na urafiki naye. Simu yake ya kupangusa, ya mtumba, iliyoletwa na mjomba kutoka Kariakoo, aliijifunza kwa mahali: alama ya kijani, mstari wa pili, pembeni kulia, kisha picha ya tatu kutoka juu ndiye mimi. Alikuwa akiiweka bapa mbele ya mdomo, akibonyeza alama ya maikrofoni na kusema. Kidole chake na pumzi yake vilikuwa kitu kimoja. Pumzi ikiisha kidole kinanyanyuka, na kidole kikinyanyuka ujumbe unakwenda. Kwa hiyo habari zake zilinifikia vipandevipande, kila pumzi ujumbe wake. "Mume wangu," ndivyo alivyoanza siku zote, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Kisha kimya. Kisha ujumbe wa pili: "Mvua huku imekataa." Kimya. "Wewe umekula?"

Siku programu ile ilipokataa kufunguka, alinipigia simu ya kawaida.

"Mume wangu, simu imekufa."

"Shikamoo bibi. Si ndiyo hiyo unayonipigia?"

"Marahaba. Ndiyo hiyo. Chaji inayo, inawaka. Sasa imekufaje?"

Nilimweleza habari za matoleo. Alisikiliza kwa heshima ya mtu anayesikiliza habari za nchi asiyokusudia kwenda. Tukamnunulia nyingine, kubwa zaidi, yenye mwanga mkali. Kila kitu kilikuwamo, na hakuna kilichokuwa mahali pake. Kijani kilikuwa mstari wa nne. Mimi nilikuwa nimeshuka chini, napanda na kushuka kutegemea nani ameandika mwisho. Kwa muda aliitafuta njia, kisha akaiweka kabatini, ndani ya boksi lake. Aliendelea kupokea na kupiga kwa ile ya zamani hadi mwisho wa maisha yake. Lakini zile sauti za pumzi moja moja hazikuja tena. Kwa simu ya kawaida bibi alikuwa mtu mwingine: alisalimia, aliulizia wote kwa utaratibu, akaogopa vocha kuisha.

Kipi kilimpotea? Chombo alikuwa nacho. Watu alikuwa nao. Kilichoondoka ni ile njia ya kidole, ambayo hakuna duka linaloiuza na hakuna mtu aliyejua kwamba ipo hadi ilipokosekana. Wanaohesabu simu zilizobaki kwenye toleo fulani, kabla ya kuamua kuliacha, wanahesabu kitu cha kweli. Najiuliza tu kama kipo chombo cha kuhesabia hili.

Alipofariki nikaomba ile ya zamani. Inawaka mpaka sasa. Programu haifunguki, na mazungumzo yenyewe yamefungiwa ndani yake. Yaliyokuwa upande wangu yalikwenda na simu iliyoibiwa Mbagala. Lakini ukiingia kwenye hifadhi ya faili, folda baada ya folda, unazikuta sauti zake zote, kila moja na jina lake la tarehe na tarakimu. Nimezihamishia kwenye kompyuta, na jioni nyingine nakaa kuzipa majina ninayoweza kuyaelewa: minazi, mguu, harusi ya Mwanahawa, mvua imekataa.

Nazihamisha kwenda wapi? Kompyuta hii nayo ina toleo. Kisomeo cha sauti hizi nacho kiko kwenye orodha ya mtu fulani, mahali fulani. Labda kuhifadhi ni kuendelea kubeba tu, kutoka chombo hadi chombo, na anayechoka kubeba ndiye anayezika. Au labda nimekosea, na kuna sauti zinazotaka kuachwa zilipo.

Faili haisemi ilitumwa kwa nani, wala ilikuwa ikijibu nini. Nyingi zinajieleza zenyewe. Moja haijielezi. Ni ya sekunde nne, ya mwaka wa mwisho kabla ya mlango kufungwa. Nyuma yake jogoo anawika na mtu anamwaga maji. Bibi anasema kwa sauti ya mtu aliyefurahi: "Eeh, hiyohiyo. Usiibadilishe." Basi.

Nimemuuliza mama, hakumbuki. Nimemuuliza shangazi aliyeko Muscat, akaisikiliza mara nyingi, akalia, akasema labda ni mimi. Labda ni mimi. Nilimuuliza nini asubuhi ile? Rangi ya kanga? Dawa ya mguu? Siku ya kuja? Hiyohiyo ipi, bibi, na nani alikuwa anataka kuibadilisha?