Vocha ya Miwani ya Jua

Kisa tutakachowasimulia ni chetu wenyewe, nacho hakitupambi. Tumekaa nacho moyoni miezi kadhaa, hata tukaona ni afadhali kukiandika kuliko kuendelea kukificha.

Mpwa wetu akaaye Mwanza alituletea hati ya duka moja la mji ule, yaani vocha, yenye thamani ya shilingi 100,000, ya kuchukulia miwani ya jua. Nia yake ilikuwa njema. Sisi twakaa Nyakunguru, huko Tarime, si mbali na Mto Mara wala na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, na nchi hii ni ya jua na vumbi. Lakini macho yetu ni ya uzee. Tukivua miwani ya daktari hatumtambui mbuzi wala mbwa. Miwani ya jua ya namna ile ingetufaa nini? Hati ikalala ndani ya daftari la hesabu.

Siku moja akaja kijana jirani yetu, mwendesha bodaboda baina ya hapa na Nyamongo. Ni Mkurya, wala si Mwislamu. Kijana wa adabu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. Alipoiona ile hati akaitamani, nasi tukamwuzia kwa shilingi 70,000. Tukajiona tumemfanyia hisani: yeye amepata mali ya laki moja kwa bei ndogo, nasi tumepata fedha kwa kitu tusichokihitaji.

Neno moja hatukumwambia. Nyuma ya hati paliandikwa, kwa herufi ndogo, kwamba haibadilishwi kwa fedha, na kwamba ni ya aina moja tu ya miwani. Na mpwa wetu alikwisha kutuambia kwamba katika aina ile, miwani ya bei ya chini kabisa ni shilingi 140,000. Twajua tulivyosema moyoni: kijana ana macho, na asome mwenyewe.

Baada ya siku tatu akarudi. Akatuamkia, "Shikamoo, mzee," akaiweka hati juu ya mkeka. "Wamenipokea vizuri, mzee, lakini wanataka niongeze elfu arobaini. Mimi sina. Nauli nayo imekwisha." Hakusema zaidi ya hayo. Laiti angalipiga kelele! Alipokwisha kwenda, mama watoto, aliyekuwa ndani akisikia yote, alitoka akasema, "Huyu kijana, Waislamu anaowajua hapa kijijini ni sisi tu."

Usiku ule hatukulala vema. Tulikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta majimaji chini, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha unyevu ule badala ya kuuweka juu watu wauone. Hadithi hii tumeisimulia watoto mara ngapi? Na unyevu wetu ulikuwa umeandikwa nyuma ya karatasi.

Asubuhi tulimpelekea kijana shilingi zake 70,000 pamoja na nauli yake ya kwenda na kurudi. Alikataa nauli, tukamlazimisha.

Ikabaki ile hati. Je, yafaa kuiuza tena kwa mtu mwingine, safari hii kwa kumweleza yote? Tulipofungua vitabu tukastaajabu, kwani jambo hili si geni hata kidogo. Katika karne ya kwanza ya Hijra, Marwan bin al-Hakam alipokuwa liwali wa Madina, watu walipewa hati za nafaka iliyokuwa bandarini al-Jar, katika Bahari ya Shamu. Wakaanza kuuziana hati zile kabla ya kuipokea nafaka yenyewe. Katika Sahihi ya Muslim ni Abu Hurayra aliyemwendea Marwan na kumlaumu kwamba ameihalalisha riba. Katika Muwatta ya Imam Malik ni Zayd bin Thabit pamoja na Sahaba mwingine. Marwan aliwatuma askari, wakazinyang'anya hati mikononi mwa watu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alieleza kwamba lililokatazwa ni kule kuuza kwa mara ya pili, yule aliyeinunua hati akiiuza kabla ya kupokea nafaka. Ama yule aliyepewa kwanza, kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kuwa yajuzu auze. Lakini ile ilikuwa nafaka, na hii yetu ni miwani ya dukani ambayo haijachaguliwa bado. Hukumu yake tunawaachia masheikh.

(Wakulima wa nchi hii hawahitaji kwenda al-Jar. Wanazikumbuka vocha za pembejeo zilizoenea tangu mwaka 2008, za mbolea na mbegu. Wako waliozitoa kwa mawakala kwa fedha kidogo, shamba likabaki bila mbolea.)

Sisi tukachagua njia fupi. Tulikwenda Mwanza wenyewe, tukaongeza shilingi 40,000, tukaichukua miwani mkononi. Muuzaji alitufundisha jambo tusilolijua: weusi wa kioo si kinga. Kioo cheusi kisichozuia mionzi ya urujuanimno humfanya mtu afumbue mboni zaidi, na mionzi ikaingia kwa wingi. Yafaa kutafuta alama ya UV400, yaani kioo kizuiacho mionzi hiyo mpaka nanomita 400. Mionzi hiyo, ikilipiga jicho miaka mingi, huchangia mtoto wa jicho, na kile kinyama kiotacho juu ya weupe wa jicho ambacho twakiona kwa wazee wengi wa hapa.

Tuliporudi tulimwita kijana. Tukamwambia bei tuliyoongeza, tukamwambia kuwa miwani hii haizuii vumbi la pembeni, na kwamba usiku asiivae. Tukapatana shilingi 90,000, sabini papo hapo na ishirini mwisho wa mwezi. Akaivaa, akatazama upande wa mto, akatabasamu.

"Mzee," akasema, "na hii nayo haina maandishi nyuma?"

Tukaigeuza mbele yake, tukamsomea mpaka neno la mwisho.