Mnada wa Japani, dalali wa mbali na sarafu ya babu

Najua nimepotea karibu miezi miwili, na kuna walioniandikia kuuliza kama blogu hii imekufa. Haijafa. Nilikuwa nahangaika na jambo dogo lililonila muda mwingi: kununua sarafu moja kuukuu kutoka mnada wa intaneti wa Japani, nami niko hapa Mambrui. Leo nawaeleza nilivyolinganisha mawakala wa kazi hiyo, ili anayetafuta kamera, saa au michezo ya zamani asirudie makosa yangu.

Kwanza, kwa nini sarafu? Mwaka 2010 wataalamu wa mambo ya kale kutoka Chuo Kikuu cha Peking na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walichimba hapa kwetu. Wakapata sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, iitwayo Yongle Tongbao. Ni ya enzi ya mfalme Yongle wa China (1403-1424), yule aliyetuma merikebu za Zheng He na kupelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Habari zikaenea dunia nzima. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na babu yangu alikuwa akiwauzia wachimbaji madafu. Wote wawili sarafu tuliiona kwenye picha tu.

Sasa babu ana presha ya macho. Haoni ila mwanga. Siku moja baada ya Idi aliniambia, "Mjukuu wangu, pesa imetoka chini ya miguu yetu, na mimi nitakufa sijaishika."

Maneno hayo yakanikaa. Kuna jamaa aliyesikia natafuta akaniletea sarafu, akataka shilingi 15,000, akiapa ameiokota mchangani. Nikamkatalia. Kama ni bandia, nimeibiwa. Kama ni ya kweli, basi imechimbwa kinyemela, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inasema vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali. Siwezi kumpa babu kitu cha wizi.

Hapo ndipo Japani inapoingia. Sarafu hizi za Yongle zilisafirishwa kwenda Japani kwa wingi kabisa, na watu wa huko wakazitumia kama pesa yao wakiziita Eiraku Tsuho. Mbabe wa vita Oda Nobunaga aliziweka hata kwenye bendera yake. Serikali ya shoguni ilizipiga marufuku mwaka 1608, lakini zilizobaki ni nyingi mno. Kule kwa wakusanyaji ni kitu cha kawaida, zinauzwa kihalali na kwa bei rahisi.

Soko lao kubwa ni mnada wa Yahoo! Japan, ulioanza mwaka 1999. eBay walijaribu kushindana nao wakafunga duka mwaka 2002. Tatizo ni kwamba kujisajili kunataka namba ya simu ya Japani, na wauzaji wengi hawatumi mzigo nje ya nchi. Kwa hiyo unahitaji wakala: yeye anaweka dau kwa niaba yako, anapokea mzigo kwenye ghala lake, kisha anakutumia. Wakenya jambo hili si geni kwetu. Magari mengi yanayoshuka Mombasa yalinunuliwa hivyo hivyo, kwa dalali mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mnada wa kule.

Mawakala ni wengi: Buyee, ZenMarket, FROM JAPAN na wengineo. Viwango vyao hubadilika, kwa hiyo sitawapa jedwali la bei litakalochakaa mwezi ujao. Badala yake nawapa maswali manne niliyojifunza kuuliza.

1. Gharama yote ni kiasi gani? Usiangalie ada ya wakala peke yake. Kuna posta ya ndani ya Japani, ada ya malipo, ada ya kufungasha, posta ya kuja Kenya, na VAT yetu ya asilimia 16 pamoja na tozo nyingine za forodha. Niliandika skripti ndogo ya kujumlisha. Wakala aliyeonekana rahisi kwenye ukurasa wa mbele akawa wa tatu.

2. Dau linawekwa na nani? Kwa baadhi, mfumo unapeleka dau papo hapo. Kwa wengine, mfanyakazi analiweka kwa mkono, na akiwa amelala, basi. Uliza pia amana, kwani baadhi hutaka uweke pesa kabla ya kugusa mnada.

3. Ukidanganywa, nani atakusaidia? Wauzaji wengi huandika kwamba hakuna malalamiko wala kurudisha. Wakala anaweza kukagua kama mzigo umevunjika, lakini kwa kawaida hathibitishi kama kitu ni halisi. Niliangalia historia ya muuzaji, nikataka picha za pande zote mbili na uzito kwa gramu.

4. Je, wanaweza kusafirisha kitu CHAKO? Hili nilijifunza kwa maumivu.

Haya, makosa yangu sasa. La kwanza ni kiburi cha mwanaprogramu. Niliamua kuvizia sekunde za mwisho. Mnada ulifungwa saa nne usiku kule, ambayo kwetu ni saa kumi jioni. Saa kumi kasoro dakika mbili umeme ukakatika Mambrui, rauta ikazima, na kabla simu haijashika mtandao sarafu ilikuwa ya mtu mwingine. Isitoshe, kuvizia hakusaidii sana: muuzaji akiwasha nyongeza ya muda, dau linaloingia ndani ya dakika tano za mwisho husogeza mwisho mbele kwa dakika tano nyingine. Weka bei yako ya juu kabisa mapema, uache mfumo ukupandishie kidogo kidogo, wewe nenda ukanywe chai.

Mara ya pili nikafanya hivyo. Nikashinda kwa yeni 800. Nikafurahi, nikamwambia babu kabisa.

Kosa la pili likaja baada ya wiki. Ghala likaniandikia kwamba mzigo hauwezi kutumwa kwa njia niliyochagua. Kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu kutumwa ovyo, zinataka bima, na wakala yule hakuwa na njia hiyo kuja Kenya. Ilikuwa imeandikwa kwenye masharti yao, mimi ndiye sikusoma. Pesa haikurudi, na kila siku babu ananiuliza, "Imefika Mombasa?" Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaanza upya. Safari hii nilimwandikia wakala mwingine, mwenye ada kubwa zaidi, swali moja kabla ya kuweka hata senti: mnaweza kutuma sarafu ya shaba ya miaka 600 kwenda Malindi, kwa bima? Wakajibu ndiyo, na gharama wakaitaja. Nikalipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay. Jumla ilipita yeni 5,000, zaidi ya shilingi 4,000, kwa sarafu ambayo yenyewe haikufika yeni 1,000. Ukihesabu na ile ya kwanza iliyopotea, nimepata hasara. Basi.

Nilipoichukua posta Malindi nilikwenda moja kwa moja kwa babu. Nilimwambia ukweli: hii siyo ile ya 2010, ni ndugu yake, hii ilikwenda Japani na ile ikaja kwetu. Akanyamaza. Akapitisha kidole kwenye tundu, akageuza, akapapasa herufi nne moja baada ya nyingine.

"Nyepesi," akasema. "Nilidhani itakuwa nzito."

Usiku alilala nayo chini ya mto, na mpaka leo hajanirudishia.

Mwenye swali kuhusu mawakala aniandikie, nitamtumia ile skripti bure. Na tafadhali, someni masharti.