Karatasi za Mkutano

Jumatatu, 30 Juni
Saa sita usiku. Seva imezimia tena. Taarifa 1,400 za wanachama kwa mkupuo mmoja, kumbukumbu yenyewe MB 128. Kesho nawagawa wanachama hamsini hamsini, kila fungu na PDF yake.

Jumatano, 2 Julai
Imekwenda! Kumbe nilikuwa naisumbua kanzidata kwa kila mwanachama: jina, rudi, akiba, rudi, mkopo, rudi. Sasa swali moja kwa fungu zima. Dakika tatu, basi.
Jioni mhazini kapiga simu. "Mwanangu, salio la Juni la mama huyu haliendani na daftari langu." Nimemwambia daftari ndilo lililokosea. Sina raha.

Alhamisi, 3 Julai
Daftari lilikuwa sahihi. Mama alilipa kwa simu tarehe 1 Julai, saa saba usiku. Kanzidata inatunza saa za UTC, nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwake ilikuwa bado 30 Juni, saa nne usiku. Ripoti ya Juni ikameza pesa ya Julai. Sasa nageuza saa kwanza, ndipo nakata mwezi. Nimempigia mhazini. Shikamoo mama, nisamehe.

Ijumaa, 4 Julai
Nimechapa taarifa za kwanza. Kichwa cha jedwali kinajirudia kila ukurasa, vizuri. Lakini majina! Kila Ng’w imetoka Ngâ€™w. Hapa Usukumani, majina mangapi hayo? Aliyeyaingiza alitumia alama iliyopinda, baiti tatu za UTF-8, na maktaba yangu ya PDF inazisoma kama herufi tatu.
Ofisini wanasema futa alama, nani ataona. Bibi yangu ataona. Kadi yake iliandikwa bila alama, na jina lile akiitwa haitiki. Sifuti.

Saa tisa usiku. Nimebadili maktaba, nimepachika fonti ndani ya faili. Nimefungua kwenye simu ya mlinzi: Ng’w. Safi. Nimefungua majina mengine kumi, nikiyasoma kwa sauti.

Jumamosi, 5 Julai
Mkutanoni nilikaa nyuma, karibu na mlango. Mama yule aliyelipa kwa simu hakuanzia kwenye salio. Aliweka kidole juu kabisa, kwenye jina, akalisoma taratibu mpaka mwisho. Kisha kidole kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama Mei. Akageuka kutafuta wa kumuuliza. Nikasogeza kiti.