Ile Gemu ya Kigali Hamuitaji

Wasee wa Kaka, ukianzisha stori ya Morans wa 2021 hapa Lurambi, kila mtu anadai aliitazama laivu. Kila mtu! Mimi nilikuwa bodingi, simu hakuna, habari ilitufikia kwa mwalimu wa zamu. Tukapiga madawati kama isukuti.

Unaikumbuka. Yaoundé, Februari. Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11. Sekunde zinaisha, Tylor Ongwae anaruka, anaachilia, 74-73. Tukarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Mara ya mwisho ilikuwa 1993, Nairobi, sisi wenyeji. Tena kocha alikuwa Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwa hayo mashindano.

Sawa, tamu. Lakini gemu inayonikaa kichwani ni ya Kigali, miezi sita baadaye. Sudan Kusini 60, Kenya 58. Kikapu kimoja tu, buda! Hao jamaa wakaenda Kombe la Dunia 2023, wakaenda Olimpiki ya Paris, na pale London 2024 Marekani ya LeBron ikawaponyoka kwa pointi moja, 101-100. Sisi? AfroBasket ya 2025 Uganda walikuwa, Rwanda walikuwa, sisi tukatazama.

Na msiniambie ni urefu. Tangu niache kampasi nina jioni nyingi za kukaa kando ya uwanja, naona vijana wanarusha hadi giza liingie. Sudan Kusini walikuwa na Luol Deng, aliongoza shirikisho na akatoa pesa ya mfuko wake. Wetu ni nani?