Kiwewe Darasani: Kosa Lililotufunza

Walimu wenzetu, tulipokuwa tukifundisha uandishi wa taarifa katika somo la Kiswahili, tuliwapa wanachuo zoezi tulilolidhani la kawaida: waandike habari ya meli ya MV Bukoba, iliyozama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, 1996, na kuua mamia ya watu. Tuliwaagiza waeleze nani, nini, lini, wapi na kwa nini.

Mwanachuo mmoja alileta mistari mitatu tu. Tulimkemea kwa uvivu mbele ya wenzake. Jioni alikuja ofisini akasema, "Mwalimu, babu yangu alikuwamo melini. Bibi hajapata kutusimulia. Nyumbani jina la meli ile halitajwi. Niliyoandika ndiyo yote tunayoyajua."

Tuliona haya, tukaanza kusoma. Tulijifunza kwamba kiwewe ni jeraha la nafsi, na kwamba wataalamu wa fani nyingi wamelichunguza. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza rasmi katika orodha ya maradhi yao mwaka 1980, baada ya Vita vya Vietnam. Mwaka 1996, mwaka ule ule wa msiba wetu, mhakiki wa fasihi Cathy Caruth alitoa kitabu kinachoeleza kwamba tukio zito halifahamiki barabara linapotokea, bali humrudia mtu baadaye. Waandishi wa habari nao siku hizi hufunzwa kumwomba idhini aliyenusurika, kumwacha anyamaze apendapo, na kutomshurutisha kurudia yaliyomwumiza.

Ikiwa mwandishi hujihadhari hivyo mbele ya mtu mmoja, sembuse mwalimu mbele ya arobaini? Hatusemi misiba isifundishwe, kwani historia yetu haitenganiki nayo. Twasema mwalimu aitangaze mada mapema, awe na zoezi jingine la badala, wala asiuhesabu ukimya kuwa kosa. Kadhalika asijifanye tabibu; amwelekeze mwanafunzi kwa mshauri anayestahili.

Tulimwomba radhi mwanachuo yule mbele ya darasa lile lile, na alama tuliyompa tukaifuta. Likizo iliyofuata alikwenda na bibi yake Igoma, kwenye makaburi ya waliozama. Aliporudi hakutuletea taarifa, nasi hatukuidai.